Nilivyolifuata Daftari la Mzee Issa

Tangu nirudi, jirani zangu wa Nkuhungu wananiuliza swali moja tu: "Eti Eda, ni kweli ulikwenda Kondoa kununua karanga zilizokwisha kuliwa?" Ni kweli, kwa namna fulani. Na kwa kuwa kila mmoja wenu amesikia kipande chake, na vipande vingine vimekwisha kutiwa chumvi, nimeona niandike mwenyewe yote, ili mkinitania mnitanie kwa haki.

Wengi mnajua kazi yangu. Mimi ni fundi wa mitambo katika jengo moja kubwa la ofisi na mikutano hapa mjini Dodoma. Mitambo ya ubaridi tuliletewa na wafadhili wa nchi moja, feni za kutolea moshi na ving'ora tukaletewa na wa nchi nyingine. Kila kiwanda kimeipa mitambo yake lugha yake ya siri, na hakuna anayekubali kufundisha mwingine. Sisi mafundi tuko katikati kama mtu mwenye wake wawili wasiosemezana.

Mwezi mmoja umeme ulikatika mchana, ukumbi umejaa wageni. Uliporudi, mtambo wa ving'ora ukatangaza moto. Feni za moshi zikanguruma, milango ikafunguka yenyewe, watu wakakimbilia uwanjani. Mgeni mmoja wa heshima alitoka na kiatu kimoja. Moto haukuwepo. Mkuu wangu, Bwana Mapunda, alisema mimi ndiye niliyebonyeza kitufe cha majaribio. Mnajua hali ya siku hizi, orodha za kupunguza watumishi zinatoka kila mara. Akaniandika kwenye inayofuata, akanipa mpaka mwisho wa mwezi nilete ushahidi.

Ushahidi nilijua ulipo, na hilo ndilo lililonikosesha usingizi. Miaka michache nyuma, Mzee Issa, fundi mkuu wetu, alisimama kwenye kikao na daftari lake, kaunta buku nene la jalada gumu. Alikuwa akiandika kila umeme ulipokatika na jinsi kila mtambo ulivyoamka. Akasema, "Mtambo wa ving'ora ukizinduka unatoa habari za zamani kama vile ni za leo." Mimi nilikuwa nimetoka chuoni, wino wa cheti haujakauka. Nikasema mbele ya wote, "Mzee, hizo ni hadithi. Mtambo hauwezi kukumbuka moto wa juzi. Daftari hilo ni takataka." Watu wakacheka. Haukupita muda jina lake likatokea kwenye orodha, akaondoka na daftari kwapani bila kuagwa.

Kulikuwa na jambo la pili. Mhandisi mgeni aliyewahi kuja kutengeneza mitambo aliniachia kitabu cha fotokopi, kinene kama Biblia ya mimbarani. Alinieleza kwamba huko Marekani wahandisi wa viwanda vinavyoshindana, pamoja na watu wa vyuo na wenye majengo, wamekuwa wakikutana kwa miaka wakiandika lugha moja ya mitambo ya majengo. Lugha hiyo haitakuwa mali ya kiwanda chochote. Atakayetaka kutengeneza mtambo ataifuata, na mtambo wake utaelewana na wa jirani. Kitabu kile kilikuwa rasimu tu, na nyuma yake palikuwa na fomu: mtu yeyote, wa nchi yoyote, akiona kasoro aandike, na kamati italazimika kumjibu. Nilikisoma na kamusi mkononi. Niliona wameeleza vizuri jinsi mitambo inavyosalimiana, inavyoulizana joto, inavyoitana wakati wa hatari. Ila juu ya umeme unaokatika na kurudi kama wetu, sikuona maneno yaliyonitosha. Aliyekuwa na maneno hayo nilikuwa nimemwita mwongo.

Kizota mpaka Mlali

Pale Kizota kuna karakana ya fundi mmoja tuliyefanya naye kazi zamani. Nikamuuliza Mzee Issa anaishi wapi. Akajibu huku anachomelea geti, cheche zinaruka, "Issa? Issa wa mashine? Yuko Mlali, nilimwona mwaka huu huu." Sikuuliza zaidi. Nikafunga rasimu kwenye kanga, nikapanda basi la asubuhi mpaka Kongwa, na Kongwa nikapata nafasi juu ya magunia katika pikapu inayokwenda Mlali.

Nilipofika nikamsalimu kwa Kigogo na kumuuliza mama mmoja aliyekuwa akianika mtama: "Mbukwenyi, mama. Mimi ni fundi kutoka Dodoma, namtafuta Mzee Issa wa mashine." Yule mama akaacha mtama wake palepale, akapiga vigelegele. "Fundi kafika! Jamani, fundi wa Dodoma kafika!"

Kumbe kijiji kilikuwa kimeomba fundi tangu mavuno yaliyopita. Walinipeleka kwa shangwe mpaka kwenye mashine ya kusaga, na hapo akatoka Mzee Issa, mrefu, mweusi, amechafuka grisi mpaka kope. Hakuwa yeye. Alikuwa Issa mwingine kabisa.

Nilijaribu kueleza. Lakini kuku alikuwa amekwisha kukamatwa, nikamsikia akilalamika nyuma ya nyumba. Ungekuwa wewe ungefanyaje? Nikaomba spana.

Injini ilikuwa mpya, imeletwa na mfanyabiashara mmoja sasa ambapo kila kitu kinaingia nchini. Kinu chenyewe kilikuwa cha zamani, cha nchi nyingine. Nati za huku hazikuingia kwenye bolti za kule. Walikuwa wameifunga kwa waya na kamba, ikacheza mpaka ikakata mkanda.

"Mwenye duka anasema ninunue na kinu chake kipya," Issa wa Mlali akaniambia. "Nikamuuliza, kinu changu kina ubaya gani? Akasema hakina ubaya, ila hakikubaliani na injini yangu. Sasa mimi nimeoa injini au nimenunua?"

Tukashinda siku nzima tukitoboa kipande cha chuma kitakachokaa kati ya mashine hizo mbili. Alasiri ya pili injini ikanguruma, kinu kikazunguka, unga ukatoka kwa wingi hata akina mama wakashindwa kupanga foleni. Nilikula ugali wa mtama, mlenda uliokolea karanga, na paja zima la yule kuku. Wakati wa kula ndipo Issa wa Mlali alipouliza, "Na huyo Issa mwenzangu uliyemfuata ni yupi hasa?"

Nikamweleza.

"Aa! Wa mashine za baridi! Huyo ni Mrangi. Binti yake ni muuguzi zahanati yetu, naye mzee alikuja kumwona mjukuu. Amekwisha kurudi kwao Kondoa." Akacheka mpaka unga ukamdondoka nyusini. "Pole, mwanangu. Lakini Mungu hakukosea njia, maana sisi tulikuwa tunasaga kwa mawe."

Dodoma mpaka korongoni

Nikarudi Dodoma, nikabadilisha nguo, nikapata lori la mfanyabiashara wa Kondoa aitwaye Hamisi, lililoshusha vitunguu na kurudi na sabuni, mabati na mitumba. Tulikuwa abiria wachache juu ya marobota, pamoja na mchungaji mmoja Mgogo, Mchungaji Mathayo, aliyekuwa akienda kwenye harusi ya mpwa wake.

Tulipita Mayamaya vizuri. Baada ya Haneti mvua ikanyesha milimani, na tulipofika kwenye korongo moja tukakuta maji mekundu yanapita juu ya barabara, yamebeba kisiki kizima. Hamisi akazima injini, akashuka, akatazama, akarudi. "Hapa tutalala," akasema, kana kwamba alikuwa amepanga tangu nyumbani.

Tulikaa pale siku moja na nusu. Upande wa pili kulikuwa na lori jingine linatungoja sisi kama sisi tulivyolingoja lenyewe, tukawa tunapungiana mikono. Wanawake wawili wa Kisandawe, abiria wenzetu waliokuwa wakienda kliniki, walitoa unga wa uwele na asali ya nyuki wadogo. Hamisi akafungua mzigo wake akatoa sufuria jipya la dukani, akasema atalisafisha na kuliuza kama jipya. Tukapika. Mchungaji akaombea chakula, Hamisi akasema bismillahi, tukala chombo kimoja.

Mchungaji alikuwa ameniona nikisoma. "Binti, hicho kitabu kikubwa ni cha nini?"

"Ni lugha ya wazi, Mchungaji. Watu wa mbali wanaiandika."

Akarudisha mkono wake kutoka kwenye chombo. "Lugha ya wazi? Matusi hayo yameandikwa kitabu kizima?"

Hamisi alicheka mpaka akapaliwa. Nikajitetea kwamba si lugha chafu, ni lugha iliyo wazi kwa kila mtu, ya mitambo isiyosikilizana. Nikawaeleza habari ya jengo letu. Mmoja wa wale wanawake wa Kisandawe alikuwa akisikiliza kimya. Akamgeukia mwenzake akamtafsiria kwa lugha yao, ile yenye kudondosha sauti kama matone, kisha akaniambia, "Mimi na huyu tunaongea chetu. Huyu mzee ana Kigogo chake, yule dereva ana Kirangi. Bila Kiswahili leo tungelala njaa kila mtu na unga wake."

"Basi ni Kiswahili cha mashine," Hamisi akasema. "Ungesema hivyo tangu mwanzo, Mchungaji asingekosa matonge mawili."

Siku ya pili maji yakapungua. Tulisukuma lori sote, hata mchungaji aliyekunja suruali ya harusi mpaka magotini. Wale wa upande wa pili waliingia mtoni kutusaidia, nasi tukarudi kuwasaidia wao.

Juu ya mji wa Kondoa

Nyumba ya Mzee Issa iko mlimani, mwendo wa saa moja kwa miguu juu ya mji. Nilipanda nikirudiarudia maneno ya kuomba radhi. Nilimkuta shambani akivuna alizeti, amekonda kidogo, kofia yake nyeupe safi kama zamani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba." Akaendelea kukata. "Jengo limeungua?"

"Hapana, baba. Lilisema linaungua."

Panga likasimama hewani. Nikaona tabasamu likianza upande mmoja wa mdomo, kisha akalizuia. "Umeme ulikuwa umerudi?"

"Ulikuwa ndio umerudi."

Nikapiga magoti palepale kwenye mabua. Maneno yote niliyoyapanga njiani yalipotea, nikasema tu, "Baba, nilikuvunjia heshima mbele za watu, na ulikuwa unasema kweli. Nimekuja kukuomba msamaha. Na nisikufiche, nimekuja pia kwa sababu ninalihitaji daftari."

Akanipa panga la pili. "Mstari huu mpaka kule kwenye jiwe," akasema. "Tukimaliza tutazungumza."

Tulivuna mpaka mgongo wangu ukasahau kusimama. Mkewe, Bi Mwanaidi, alituletea kande na maziwa mgando, akanitazama mikono iliyochubuka. "Huyu ndiye yule?" akamuuliza mumewe. "Ndiye," akajibu. "Anavuna vibaya, lakini haachi." Nilijua nimesamehewa.

Kisha nikauliza habari ya daftari. Wazee wale wawili wakatazamana. Bi Mwanaidi akaingia ndani, akarudi na kaunta buku. Jalada lilikuwa lilelile. Nilipolifungua, nusu nzima ya mbele haikuwepo.

"Mimi nauza karanga za kukaanga kule sokoni," Bi Mwanaidi akasema taratibu. "Kila jioni alikuwa akilifungua hili, akisoma, halafu hasemi na mtu. Nikaona ni hilo linalomla. Nikaanza kuchana, kurasa mbili, kurasa tatu kwa siku, nafungia karanga. Nilidhani nasafisha nyumba, mwanangu."

"Nilimwona," Mzee Issa akasema. "Nikamwacha. Wewe mwenyewe ulisema ni takataka. Nikasema, angalau takataka ifungie karanga."

Nilitaka kulia, nikashangaa ninacheka. Bi Mwanaidi akacheka kwanza kwa woga, kisha kwa nguvu, na mwisho Mzee Issa akaangusha kofia kwa kucheka. Kurasa zilizobaki zilikuwa nzuri, lakini za habari ya ving'ora, zile nilizozihitaji kuliko zote, zilikuwa zimekwenda sokoni.

Sokoni na shuleni

Asubuhi tukashuka mjini sisi watatu. Bi Mwanaidi alimjua kila mteja wake. Tulianzia kwa fundi cherehani, ambaye alikuwa na pakiti mbili kwenye droo hajazila. Nikazinunua, nikamwaga karanga mezani, nikaondoka na karatasi. Akanitazama kama mgonjwa. Kwa mama muuza chai tukapata karatasi tatu alizozibia kidirisha. Pale stendi, wapiga debe walisikia kuna dada kutoka Dodoma ananunua karatasi chafu anaacha karanga. Basi wakatuletea karatasi za kila namna: mtihani wa jiografia, barua ya mapenzi, na tangazo la ng'ombe aliyepotea. Barua ya mapenzi tuliirudisha bila kuimaliza.

Mpaka adhuhuri tulikuwa na karatasi chache, zenye mafuta na zisizofuatana. Nilianza kukata tamaa. Ndipo Bi Mwanaidi akakumbuka: "Mwalimu Zuhura! Huwa hatupi karatasi zangu. Alinisifia mwandiko."

Shule ya msingi haikuwa mbali. Mwalimu Zuhura, mwanamke mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alitupokea mlangoni mwa darasa. Nikachungulia ndani. Ukutani, chini ya maneno MWANDIKO BORA yaliyoandikwa kwa chaki ya rangi, zilibandikwa kurasa nne za Mzee Issa.

"Vitabu vya mwandiko hatuna," mwalimu akaeleza, kama anayeomba radhi. "Nikiona ukurasa mzuri kwenye karanga nabandika, watoto wananakili. Nikipata mwingine nabandua wa zamani. Sikujua una mwenyewe."

"Zile za zamani ziko wapi?" nikauliza.

"Zililiwa na mchwa. Lakini watoto walikwisha kuandika."

Akageukia darasa. "Fungueni madaftari ya mwandiko. Tangu mwanzo wa muhula. Someni."

Darasa zima likasimama na kusoma kwa sauti moja, kwa lafudhi ile tamu ya Kondoa: "Umeme umekatika saa nane mchana. Umeme umerudi saa tisa. Mtambo wa ving'ora umesema moto. Nimekwenda kutazama. Hakuna moto. Ni habari ya juzi."

Wakafungua ukurasa wa pili. "Mtambo wa ubaridi umeamka kwanza. Mtambo wa ving'ora umeamka baadaye. Saa yake imerudi nyuma. Umesema moto. Hakuna moto. Ni habari ya Jumatatu."

Waliendelea hivyo, ukurasa baada ya ukurasa, sentensi zilezile nilizoziita hadithi. Mzee Issa alikuwa amesimama katikati ya mlango. Alivua kofia, akaikunja, akaivaa tena. Msichana mmoja wa dawati la mbele akanyoosha mkono.

"Shikamoo, babu. Ni wewe uliyeandika?"

"Marahaba. Ni mimi."

"Kwa nini mtambo unasema uongo?"

Mzee akafikiri. "Hausemi uongo, mjukuu wangu. Ulikuwa umelala, ukaota jambo la zamani. Hakuna aliyeufundisha kusema kwamba umetoka usingizini."

Mimi nilikuwa nimekwisha kutoa kalamu. Tulikaa pale mpaka kengele ya mwisho, watoto wakinisomea, nikilinganisha daftari na daftari. Waliokosea tarehe walisahihishwa na wenzao kwa kelele. Mwalimu Zuhura akagonga muhuri wa shule chini ya kila nakala, na zile kurasa nne za ukutani akazibandua kwa ncha ya kisu, taratibu, kama anayemvua mtoto bandeji.

Kurudi

Sikurudi peke yangu. Mzee Issa alisema yuko njiani kwenda kumwona mjukuu wake Mlali na kwamba Dodoma iko katikati tu. Njia nzima alikuwa akiniuliza juu ya ile rasimu: mtambo ukiitwa unajibuje, ukikaa kimya wenzake wanajuaje. Hamisi, aliyetuchukua tena, akasema hajawahi kubeba abiria wenye maswali mengi kuliko mizigo.

Bwana Mapunda alipokea kurasa zenye mafuta ya karanga na muhuri wa shule ya msingi kwa uso wa mtu asiyejua acheke au aite askari. Mzee Issa hakubishana. Aliomba tushuke chumba cha mitambo, akazima swichi kuu ya ving'ora, akangoja kidogo, akaiwasha. Mtambo ukatangaza moto. Mapunda akakimbia hatua tatu, akasimama, akageuka. Aliniomba radhi palepale, na jioni jina langu likafutwa kwenye orodha.

Tukakaa Nkuhungu kwangu tukajaza ile fomu. Yeye alisema kwa Kiswahili, mimi nikageuza kwa Kiingereza, sentensi ndogo ikitugharimu birika zima la chai. Mahali pa kueleza mabadiliko tunayopendekeza alisema hivi: "Mtambo ukiamka, kwanza useme kwamba ulikuwa umelala. Ndipo utoe habari, na kila habari itaje saa yake." Nilitaka kuongeza maneno ya kitaalamu, akanikataza. Mahali pa jina nikaandika lake kwanza. Tukaambatisha nakala za daftari, tukapeleka posta, naye akaenda zake Mlali, ambako nasikia Issa wawili sasa hawaachani.

Wiki iliyopita barua ilifika kutoka Marekani, imeandikwa kwa jina lake. Nilipanda basi la kwanza nikampelekea Mlali. Nikamtafsiria mbele ya wote, mashine ya kusaga imezimwa ili tusikie. Kamati imeshukuru, imesema maoni yake yatajadiliwa pamoja na ya wengine, na haikuahidi lolote. Chini, kwa kalamu ya mkono, mmoja wao ameongeza swali: je, kwa uzoefu wake, mitambo ikizinduka yote kwa pamoja, upi ungoje upi?

Mzee Issa akaniomba nilirudie swali hilo. Nikalirudia.

"Wananiuliza mimi?"

"Wanakuuliza wewe, baba."

Akavuta kigoda karibu na gunia la unga, akakunjua karatasi juu yake, akanyoosha mkono bila kunitazama.

"Nipe kalamu," akasema. "Wewe utageuza kwa Kiingereza baadaye. Hili nalianza mwenyewe."